Njano Walipoburuza Mkia

Jumamosi ile nilipofika barazani nilimkuta fundi ameifunika cherehani yake kwa turubai, naye amekaa kwenye benchi la wateja kama mteja. Misumari ya ukutani, ambayo siku zote ilibeba mashati na magauni ya watu, ilikuwa mitupu. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka 2015, mchana, na mawingu ya Kasulu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani kama yalivyofanya karibu kila siku.

"Umefunga mapema," nikamwambia.

"Sijafunga. Sina kitambaa cha mtu."

Tangu mwaka mpya alikuwa akiwarudishia wateja vitambaa vyao kabla ya kuvikata. Mama akija kuulizia gauni lake, anapewa kitenge chake kimekunjwa vilevile alivyokileta. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba mtu anayetazamia kuhama hakai na kitambaa cha mwenzake. Na alitazamia kuhama kwa sababu timu ya mpira ya Ujerumani, ya mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mtu wa huko, ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo wa ligi.

Najua jambo hili linavyosikika kwa mtu ambaye hakuwapo. Kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa kuhama. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa bandarini Kigoma, nikaenda Mpanda, Tabora, Kahama, kila mahali nikijifunza kazi kidogo na kuiacha. Iliyonishika mwishoni ni ya kufunga madishi. Ninapanda juu ya paa la mtu na spana na kipande cha waya, naligeuza dishi taratibu mpaka aliyeko ndani apige kelele kwamba picha imekuja, kisha nakaza nati. Kazi hiyo inamfaa mtu kama mimi, kwa sababu ukishakaza nati huna la kufanya tena pale. Mwaka 2012 ndiyo iliyonileta Kasulu, kwa mwenye duka mmoja aliyetoka Tanga.

Alikuwa na duka la jumla, sukari, chumvi, sabuni na mabati, na nyuma yake ghala alilotaka kuligeuza kibanda cha kuonyesha mpira. King'amuzi alichonunua kilikuwa cha bei ya chini, na ligi ya Uingereza haikuwamo. Tulipokipata kituo cha michezo, kilichotokea kwenye kioo kilikuwa mpira wa Ujerumani. Mwenye duka aliutazama muda mrefu huku amejishika kiuno.

"Hii ndiyo iliyopo?"

"Ndiyo iliyopo, Shehe."

"Basi Mdachi amerudi Kigoma," akasema, na akaagiza mabenchi.

Watu wa siku za mwanzo walikuja kwa kukosa pa kwenda Jumamosi jioni. Kilichowashika ni rangi. Walikuwapo wekundu wa Munich na walikuwapo wa njano wa Dortmund, na Mtanzania yeyote anajua la kufanya akionyeshwa timu nyekundu na timu ya njano. Waliozaliwa katika mapenzi ya ile nyekundu ya Kariakoo walikaa upande wa kushoto wa ghala. Wa ile ya njano walikaa kulia. Hakuna aliyewapanga, na haikupita muda walikuwa wakisema "sisi" na "ninyi" kama vile wana wajomba huko Ujerumani.

Mwenye duka alikuwa mwekundu. Fundi alikuwa wa njano.

Fundi alikuwa Mha wa Kibondo, rika langu. Alikuja Kasulu na cherehani moja juu ya keria ya basi, akaomba kivuli, na mwenye duka akampa pembe ya baraza lake, pale barabara ya sokoni inapokata kona. Hakumtoza kitu. Alimtaka tu awe anafagia. Kwa fundi wa nguo pembe ile ilikuwa nusu ya kazi, maana kila aliyekwenda sokoni na kila aliyerudi alipita mbele ya mguu wake ukikanyaga pedali. Watu wakielekezana walisema, "Pale kwa fundi wa kona." Mke wake na watoto walikuwa na chumba nyuma ya msikiti, na chumba hicho, sare za shule na chakula vyote vilitoka kwenye kona ile.

Mwaka ule nilipofika, njano ndio waliokuwa mabingwa wa Ujerumani, na mwaka uliotangulia pia. Fundi alikuwa amejishonea jezi kwa satini ya njano iliyobaki kwenye mapambo ya arusi fulani, akaitia kola nyeusi. Iling'aa kupita kiasi. Wekundu walimwita bibi harusi, naye akawa anawapungia mkono.

Kisha ikaja Aprili ya 2013. Katika juma moja wekundu waliwafunga Wahispania wa kwanza manne bila, na kesho yake njano wakawafunga Wahispania wa pili manne kwa moja, yote manne yakifungwa na Mpolandi mmoja. Asubuhi yake barazani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu waliacha shughuli zao kuja kubishana. Fundi alikuwa amepanda juu ya kigoda chake, na jezi ya satini mwilini.

"Shehe, ulimwona yule? Peke yake. Manne. Wale Wahispania walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea."

Mwenye duka alikuwa na kikombe chake cha kahawa. Alisema bila haraka, kwa ile lafudhi ya pwani ambayo iliwafanya watu wa huku wadhani anawadharau hata akiomba maji.

"Kijana wenu mmoja tumeshamchukua. Umesikia redio? Msimu ujao yuko kwetu. Na huyo Mpolandi tutamchukua. Tutawachukua mmoja mmoja, mwisho mtabaki na kipa na mpiga filimbi. Mtashuka daraja ninyi."

"Sisi? Daraja?" Fundi aliwatazama watu wote waliokuwapo. "Haya, sikieni. Siku hawa wakishuka daraja, mimi nafungasha cherehani yangu, namwachia Shehe baraza lake, narudi Kibondo kulima mihogo."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Mwenye duka aliweka kikombe chini.

"Mmesikia," akawaambia watu. "Mimi sikumlazimisha."

Mwezi uliofuata timu hizo mbili zilikutana zenyewe kwenye fainali ya Ulaya, huko London. Wekundu walitangulia, njano wakasawazisha kwa penalti, na dakika zilipokuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole wekundu wakafunga la pili. Upande wa kushoto wa ghala ulisimama kama umepigwa na umeme. Fundi alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti. Mwenye duka alipopita karibu naye alimgusa bega tu, asiseme neno. Fundi aliniambia baadaye kwamba angependelea atukanwe.

Miguu ikaanza kuniwasha. Nikaondoka Kasulu, nikakaa Kibondo na kuzunguka vijiji vyake na vya Kakonko mpaka Gwarama, nikifunga madishi ya walimu, ya waganga, ya wafanyabiashara wa maharage. Kombe la Dunia la 2014 lilinikuta huko, na Wajerumani walipolichukua nilikumbuka ghala lile kwa namna iliyonishangaza. Nilikuwa nimezoea kusahau mahali. Kila paa nililopanda Kibondo niliuliza chini, "Kituo cha Wajerumani kinaonekana?" na watu wakanishangaa.

Mpolandi alikuwa amekwenda kwa wekundu, kama mwenye duka alivyosema. Msimu mpya ulipoanza, njano wakafungwa. Wakafungwa tena. Niliona matokeo kwenye simu nikadhani ni makosa ya simu. Ilipofika Krismasi walikuwa miongoni mwa walioko chini kabisa, na hapo ndipo lile neno la barazani liliponirudia, lote, pamoja na sauti ya kikombe kikiwekwa chini.

Nilirudi Kasulu mwezi wa kwanza, juu ya gari la mahindi, vumbi la barabara ya Kibondo likiwa limegeuka tope. Siku ya kwanza tu, fundi akiwa amekwenda kula, nilimwona mwenye duka yuko barazani na futi kamba. Alikuwa akipima kutoka mlangoni mpaka konani.

"Unajenga, Shehe?"

"Mpwa wangu anakuja kutoka Tanga. Amejifunza ufundi wa simu. Anahitaji mahali ambapo watu wanapita."

"Na fundi?"

Alikunja futi taratibu. "Fundi ana neno lake. Mimi sijamfukuza. Nangoja tu neno lake lifike."

"Ulikuwa utani, Shehe. Mambo ya mpira."

"Utani una wenyewe," akasema. "Sisi kwetu Mzigua ana mtani wake, Mbondei ana mtani wake. Mtani akisema kitu hata mbele ya maiti, unacheka. Mimi na huyu Mha, utani wetu umetoka wapi? Mtu mzima amepanda kigoda mwenyewe, kasema mbele ya watu. Hiyo ni ahadi."

Hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka aliwahi kumsafirisha mke wa fundi kwenda hospitali kwa gari lake, usiku wa mvua. Lakini dada yake alikuwa amempigia simu mara nyingi kuhusu kijana yule, na neno la fundi lilikuwa limemfungulia mlango ambao asingeweza kuufungua mwenyewe bila aibu.

Nilimfuata fundi kwake. Mkewe ndiye aliyefungua, akanipisha niingie, na kabla sijakaa akasema, "Shemeji, mwambie akaombe. Mimi ananiona mwanamke."

"Nikimwomba nitakuwa nimekiri kwamba ni ahadi," fundi alijibu, akimwambia yeye si mimi. "Ule ulikuwa utani. Utani hauombewi msamaha."

"Shehe anasema hamna utani," nikamwambia.

"Anasema hivyo?" akauliza. "Baba yangu alikuwa manamba Tanga. Miaka mingi. Alikata mkonge mpaka vidole vikawa haviwezi kunyooka. Waha na watu wa kule wametaniana mashambani tangu enzi hizo. Alirudi na nyimbo zao za kutukanana. Mimi nilipomwona Shehe mara ya kwanza, nikasikia lafudhi ile, nilijua nimefika kwa mtani."

"Mbona hujamwambia?"

"Nimwambie nini? Tafadhali, mimi ni mtani wako? Utani haupelekewi barua. Unamtupia mtu maneno, asiponuna, upo."

"Na akinuna?"

 Hapo nilielewa kwa nini alikuwa akirudisha vitambaa vya watu: mzee akinuna, yeye atahama bila kuomba. Kwa kujitayarisha namna ile alifikiri anaonyesha kwamba hana hofu. Lakini Kasulu nzima iliona misumari mitupu, na kila aliyepita konani alisema fundi mwenyewe amekiri.

Jumatano ya juma la kwanza la mwezi wa pili njano walifungwa nyumbani kwao, moja bila, na timu ambayo ilimaliza mchezo ikiwa pungufu ya mtu mmoja. Tuliona picha zake kesho yake. Mashabiki wa njano, ule umati wao unaosimama kama ukuta, walikuwa wakipiga miluzi, na kipa wao akapanda uzio kwenda kuzungumza nao, ameushika kwa mikono miwili, wao wakimfokea usoni. Fundi alitazama picha ile akiwa amesimama mlangoni mwa ghala. Hakuingia.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda dukani nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji.

"Shehe, unajua baba yake fundi alikuwa wapi ujanani?"

"Nitajuaje?"

"Tanga. Manamba."

Alikuwa anapima sukari. Mkono wake ulisimama juu ya mizani, kisha ukaendelea. "Shamba gani?" akauliza. Nikasema sijui. Akafunga sukari ile, nami nikatoka pale nikiwa sina hakika kama nimemsaidia rafiki yangu au nimempa mwenye duka jiwe la kumtupia. Neno manamba huku kwetu si la kuchezea. Kuna watu waliozaliwa na manamba ambao wangekuchoma kisu ukiwaita hivyo sokoni.

Kesho yake ndiyo Jumamosi ninayoisimulia. Njano walikuwa wanacheza ugenini, katika mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, na timu ambayo nayo ilikuwa huko huko chini. Atakayefungwa atazama. Mchezo ulikuwa saa kumi na moja na nusu.

Tulikaa pamoja kwenye benchi la wateja. Akaja Mkongomani mmoja wa kambi ya Nyarugusu, muuza vitenge, ambaye alikuwa na kibali cha kutoka siku ya soko na alimjua fundi kitambo.

"Fundi, njo nakuletea kazi. Robe, gauni ya bibi yangu."

"Sipokei."

"Hupokei? Uko na mgonjwa?"

"Timu yake inaumwa," nikamwambia.

"Aa. Ile ya jaune, ya njano. Ile iko na malaria ya kichwa." Alimtazama fundi, akaona hacheki, akakiweka kitenge chake benchini kati yetu. "Nitaacha hapa. Nyinyi mutajua."

Fundi alikitazama kitenge kile kama kitu kinachoweza kuuma. Kisha akafungua mfuko wa plastiki, akatoa jezi ya satini, akaivaa juu ya shati. "Kama ni mwisho, nitakuwa nimeivaa," akasema, tukaingia ndani.

Ghala lilikuwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Hata wasiojua mpira walikuja, kwa sababu hawakuja kwa ajili ya mpira. Mwenye duka alikaa mbele, upande wa kushoto, kofia yake ya kiua kichwani. Hakuna aliyemtania mwenzake. Wekundu walikuwa wamekaa kama watu waliokuja kusikiliza hukumu ya jirani.

Mapema kabisa wenyeji walirudisha pasi ya kipumbavu nyuma, kijana mmoja wa njano akaunasa mpira na kufunga. Upande wa kulia ukainuka. Fundi hakuinuka. Alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuuachia. "Mapema mno," akasema. "Bado kutwa nzima."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Msimu ule njano walikuwa na tabia ya kutangulia na kufungwa mwishoni. Kila wenyeji walipovuka katikati, vidole vyake viliniingia mkononi. Wakati wa mapumziko mvua ilikuja na kishindo juu ya mabati, hatukusikia kitu, na ilipokatika ghafla kama ilivyokuja, kioo kilikuwa kimejaa chenga. Upepo ulikuwa umelisogeza dishi.

"Fundi dishi, panda," mwenye duka akasema.

Nikapanda. Mabati yalikuwa yanateleza, maji yakichuruzika kwenye mifereji yake. Nikashika nguzo kwa mkono mmoja, nikalegeza nati, nikaanza kugeuza. Chini ya miguu yangu watu walikuwa wakinguruma gizani. Paa lile halikuwa na dari, na kila neno lilinifikia kana kwamba nimekaa nao.

"Bado," mtu alipiga kelele. "Bado. Bado."

Kisha nikasikia lafudhi ya pwani.

"Fundi. Nimeambiwa baba yako alikuwa manamba wetu, Tanga."

Mngurumo ukakatika. Mkono wangu ulisimama juu ya dishi. Mimi ndiye niliyempa neno lile, na sasa alikuwa amelitoa mbele ya watu wote wa Kasulu.

"Ego," nikamsikia fundi akikubali kwa Kiha. "Alikata mkonge."

"Basi nimeelewa. Baba katika vitu vyote vya dunia alichagua mkonge. Mtoto katika timu zote za Ujerumani akachagua njano. Ninyi ni ukoo wa kupenda vyenye miiba."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia matone yakianguka kwenye pipa nyuma ya duka. Sikuweza kuona uso wa fundi, wala kama amekaa au amesimama, na nilijua kwamba yote yaliyobaki ya kona ile yalikuwa katika pumzi moja atakayoivuta. Akinuna, hakuna utani, na kama hakuna utani basi lile la kigoda lilikuwa ahadi. Na kama angeinuka na kumfuata mzee yule, nisingefika chini kwa wakati.

"Shehe," fundi akasema. "Baba alituambia habari zenu. Alisema watu wa Tanga ni wavivu mpaka mkonge wao wenyewe uliletewa Waha kutoka mwisho wa reli. Yeye anakata, ninyi mko barazani, kahawa mkononi, mnamtazama. Alisema kuna siku watoto wake nao watakaa barazani kwa Mtanga, na Mtanga ndiye atakayeshika panga. Sasa mimi nimeshakaa. Wewe unangoja nini? Panga liko nyuma ya duka, nenda kakate."

 Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimfahamu mwenye duka, kicheko chake, chembamba, kikipanda kama cha mwanamke, na baada yake ghala zima likapasuka. Watu waligonga mabenchi. Mtu alipiga kelele, "Kahawa! Mpeni panga, aache kahawa!" Katikati yake mwenye duka alikuwa akisema, akipata na kukosa pumzi, "Mtani, umeniua. Umeniua, mtani." Na Mkongomani alikuwa akiuliza kila mtu, "Manamba njo nini? Ee, manamba njo nini?" na hakuna aliyemjibu.

"Picha! Picha imekuja!"

Sikujua kwamba nilikuwa nimeanza tena kugeuza. Nilikaza nati, nikashuka na suruali imelowa. Kioo kilisema mbili bila. Bao la pili lilikuwa limefungwa tukiwa gizani, na mpaka leo sijalijua lilikuwaje. La tatu tuliliona wote, la Mgaboni yule mwenye mbio, na fundi aliinuka kwa mara ya kwanza siku ile. 

Baada ya mchezo watu walipotawanyika, alimngojea mwenye duka mlangoni. Alitaka kulisikia kwa masikio yake.

"Na lile neno, Shehe?"

"Neno gani? Mimi na mtani wangu tuna neno gani?"

Fundi alishusha mabega. Nadhani alikuwa ameyainua tangu Krismasi.

"Lakini mpwa wangu anafika juma lijalo," mwenye duka akaendelea, akifunga kufuli la ghala. "Naye ni mtani wako, maana ni mtoto wa dada yangu. Atakaa konani. Wewe utasogea huku mlangoni."

Niliona uso wa fundi ukibadilika na kurudi. Kona ilikuwa imekwenda, na safari hii hakuwa na pa kusimamia. Ahadi ungeweza kuibishia. Mtani akichukua chako, unacheka. Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, nami sikuweza kusema kilitoka wapi, lakini kilikuwa kicheko.

"Sogeza tu," akasema. "Nilikuwa nimechoka na vumbi la kona."

Jumatatu alianza na kile kitenge cha Mkongomani. Wateja walirudi polepole. Wengine walikuwa wameshapata mafundi wengine na hawakurudi. Misumari ya mlangoni ilikuwa michache kuliko ya konani. Njano nao walipanda polepole, mchezo kwa mchezo, wakamaliza msimu katikati ya msimamo, na kocha wao aliyewapa ubingwa akatangaza kwamba anaondoka. Wekundu walichukua ubingwa kama kawaida yao. Hakuna aliyezungumzia daraja tena.

Mpwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye adabu, na mwekundu kama mjomba wake. Alijengewa kibanda cha mbao konani, akamwomba fundi amshonee pazia la mbele, la kuzuia jua lisichome simu za watu.

Mwezi wa tano niliondoka tena kwenda Kibondo. Barabarani siku hizo tulikuwa tunapishana na magari yanayoleta Warundi, yamejaa magodoro na watoto. Asubuhi ya safari nilipita barazani kuaga. Fundi alikuwa anakanyaga pedali mlangoni, mgongo wake ukiwa umegeuziwa magunia ya sukari. Konani pazia lilikuwa limeshatundikwa, na kijana alikuwa nyuma yake ameinamia simu iliyofunguliwa. Lilikuwa la satini ya njano, lina pindo jeusi, na liling'aa mpaka upande wa pili wa sokoni.

"Kijana hakukataa?" nikamuuliza.

"Akatae vipi?" fundi akasema, akikata uzi kwa meno. "Mimi ni mtani wake."